Ghala la Kumbukumbu: Somo kuhusu Diski za Mtandao na Kompyuta Pepe

Somo hili limekusudiwa makatibu, wahasibu na wajumbe wa Bodi wa vyama vya ushirika katika Njombe na Makambako. Yafaa lisomwe kwanza na kila mmoja peke yake, kisha lijadiliwe katika kikao. Maswali ya majadiliano yamewekwa mwishoni.

UTANGULIZI

Mali ya mwanachama wa ushirika hukaa mahali pawili: ghalani na kitabuni. Gunia la mahindi likiibwa ghalani, pengo lake huonekana na mlinzi huulizwa. Mstari ukipotea katika leja, hakuna pengo linaloonekana. Mwanachama huja kudai malipo ya viazi au chai yake, au huja kuonyesha kwamba mkopo wa mbolea alikwisha kuulipa, naye huambiwa kwamba kumbukumbu hazisemi hivyo. Kwa hiyo ghala la kumbukumbu lahitaji ulinzi uleule wa ghala la mazao, na pengine zaidi.

Siku hizi leja nyingi zimo katika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, hupokea taarifa za vyama kwa mfumo wa kielektroniki uitwao MUVU. Lakini taarifa inayopelekwa kwenye Tume hutokana na kumbukumbu za chama chenyewe. Kumbukumbu hizo zikiharibika ofisini, taarifa inayopelekwa haiwezi kuwa sahihi.

Taifa hili limepata funzo la mapema katika jambo hili. Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta katika miaka ya 1960. Hesabu za Serikali zilipovurugika, kazi ilirudishwa mikononi mwa makarani, na mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Kizuizi hicho kililegezwa baadaye. Funzo lililobaki ni kwamba mtambo hauwezi kuponya utaratibu ambao wenye kuutumia hawauelewi. Ndiyo sababu katibu, hata kama si fundi, hana budi kuelewa jinsi diski za chama chake zilivyopangwa.

1. MAANA YA MANENO

Seva ni kompyuta yenye nguvu ambayo huhudumia kompyuta nyingine. Zamani kila kazi ilihitaji seva yake. Leo seva moja huweza kubeba kompyuta pepe kadhaa. Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na bati wala waya wake yenyewe. Hutengenezwa na programu ndani ya seva, lakini hufanya kazi kama kompyuta kamili. Wazo hili si geni, kwani kampuni ya IBM ya Marekani ililitumia tangu miaka ya 1960. Katika chama kikuu, kompyuta pepe moja huweza kutunza leja, ya pili daftari la wanachama, ya tatu mapokezi ya mazao. Moja ikiharibika, nyingine huendelea na kazi.

Diski ya mtandao ni nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu ambayo haimo ndani ya seva ile, bali imo katika mtambo mwingine uliounganishwa kwa waya. Faida yake ni kubwa. Seva ikifa, kumbukumbu zimesalia mahali pengine, na seva ya pili huweza kuziamsha kompyuta pepe zilezile na kuendelea. Hasara yake ni kwamba mtambo huo mmoja wa diski unapofanya kosa, kompyuta pepe zote huumia kwa pamoja.

2. MFANO WA KUJIFUNZIA

Na uchukuliwe mfano wa chama kikuu kilichobuniwa kwa ajili ya somo hili, chenye ofisi Njombe na ghala Makambako. Chama hicho kimenunua seva mbili na mtambo mmoja wa diski wenye diski nne. Fundi amevifunga, taa za kijani zinawaka, naye ameondoka. Hakuna aliyeuliza jinsi vilivyopangwa.

Jioni moja ya mwezi Machi, katika mvua na radi, umeme unakatika ghafla huku karani akiingiza marejesho ya mikopo ya mbolea. Asubuhi leja haifunguki. Nakala ya akiba inatafutwa, nayo inaonekana kuwa ya wiki tatu zilizopita. Malipo yote ya wiki tatu hayamo. Wanachama waliotunza stakabadhi wanazileta, na haki yao inatambuliwa. Mjane aliyeipoteza yake hana la kuonyesha, na leja inamhesabu kuwa mdaiwa. Katika mkasa huu hakuna aliyeiba. Sehemu zinazofuata zinaeleza makosa yanayouleta na namna ya kuyaepuka.

3. NJIA MBILI ZA KUTUMIA DISKI YA MTANDAO

Njia ya kwanza ni ya faili. Utaratibu wake unaojulikana sana huitwa NFS, nao ulitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Njia hii hufanana na ghala lenye mtunza ghala. Seva huomba faili kwa jina, na mtambo wa diski ndio ujuao faili ipo rafu gani. Mpangilio wa ghala hubaki mikononi mwa mtunza ghala.

Njia ya pili ni ya kugawa diski yenyewe. Utaratibu wake uitwao iSCSI uliwekwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2004. Njia hii hufanana na kukodi chumba kitupu ndani ya ghala. Mpangaji hupewa ufunguo, hujenga rafu zake na huandika orodha yake mwenyewe. Mwenye ghala hajui kilichomo ndani.

Njia ya kwanza ni rahisi kuisimamia, nayo yatosha kwa vyama vingi. Njia ya pili hupendwa na mafundi pale ambapo kazi ni nzito, lakini yahitaji uangalifu zaidi, kama itakavyoelezwa.

4. KANUNI YA KWANZA: CHUMBA KIMOJA, MPANGAJI MMOJA

Chumba kile kitupu kikikodishwa kwa wapangaji wawili wasioelewana, kila mmoja atakuwa na orodha yake. Wa kwanza ataweka gunia kwenye rafu ya tatu. Wa pili, ambaye orodha yake yasema rafu ya tatu ni tupu, ataweka lake juu yake. Baada ya siku chache orodha zote mbili zitakuwa za uongo.

Hivyo ndivyo inavyotokea diski moja ya iSCSI inapounganishwa kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, ikiwa na mfumo wa kawaida wa faili. Kila seva hujiona kuwa mmiliki pekee. Hapana onyo litolewalo, bali faili huharibika kimyakimya. Ipo mifumo ya faili iliyotengenezwa mahsusi kwa seva nyingi kuelewana. Kama chama hakina mfumo wa namna hiyo, kila diski iwe na mpangaji mmoja tu, na mtambo uwekewe orodha ya seva zinazoruhusiwa pamoja na neno la siri. Hata katika njia ya NFS, kompyuta pepe moja isiamshwe katika seva mbili kwa pamoja.

Hatari kubwa huja wakati wa dharura. Seva ya kwanza inanyamaza. Je, imekufa, au ni waya tu uliokatika huku yenyewe ikiendelea kuandika? Seva ya pili isipokee kazi mpaka ihakikishwe kwamba ya kwanza imezimwa kabisa. Katibu mpya hashiki kitabu cha fedha kabla ya makabidhiano, na seva vivyo hivyo.

Pale ambapo seva zimepangwa kupokezana zenyewe, hutumia kura. Seva mbili zina kura mbili. Waya kati yao ukikatika, kila moja ina kura moja, na hakuna yenye wingi wa kura. Kila mwanaushirika anaijua akidi ya mkutano. Kwa hiyo huongezwa kompyuta ndogo ya tatu ambayo haibebi kazi yoyote isipokuwa kupiga kura, ili akidi ipatikane na upande mmoja tu uendelee.

5. KANUNI YA PILI: STAKABADHI BAADA YA MIZANI

Mtunza ghala mwaminifu hupima mzigo, huuweka ndani, ndipo hutoa stakabadhi. Mtunza ghala mwenye haraka hutoa stakabadhi mzigo ungali kwenye mkokoteni. Foleni yake hupungua na watu humsifu, mpaka siku mvua inaponyesha juu ya mkokoteni.

Diski za mtandao nazo zaweza kupangwa kwa namna zote mbili. Katika namna ya kwanza, mtambo hujibu "imeandikwa" baada ya kumbukumbu kufika mahali pa kudumu. Katika namna ya pili, hujibu hivyo kumbukumbu zikiwa bado katika hifadhi ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatika. Namna ya pili ina kasi, na huenda fundi akaichagua ili kazi yake ionekane nzuri siku ya makabidhiano. Umeme ukikatika, sekunde chache za maandishi hupotea. Sekunde hizo ni chache, lakini leja iliyokatizwa katikati ya kuandikwa yaweza kukataa kufunguka yote. Hilo ndilo lililoipata leja katika mfano wetu.

Kwa leja na daftari la wanachama ni lazima ichaguliwe namna ya kwanza. Kama kasi haitoshi, dawa yake ni kununua mtambo ambao hifadhi yake ya muda ina betri, au diski zenye kinga ya umeme ukatikapo. Fundi atakaulizwa atoe jibu kwa maandishi.

6. HESABU YA DISKI NA NAFASI

Diski hufa, na haitoi taarifa siku zote. Kwa sababu hiyo diski kadhaa hufungwa pamoja ili moja ikifa nyingine zishike nafasi yake. Utaratibu huu huitwa RAID, nao ulielezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika maandishi yao ya mwaka 1988. Kwa diski nne za terabaiti 4 kila moja, yaani jumla ya terabaiti 16, hesabu ni hii:

RAID 5: nafasi ya kutumia ni terabaiti 12. Diski moja yaweza kufa.

RAID 6: nafasi ni terabaiti 8. Diski mbili zozote zaweza kufa.

RAID 10: nafasi ni terabaiti 8. Kila diski ina pacha wake. Diski mbili zaweza kufa iwapo si pacha.

RAID 5 huvutia kwa ukubwa wa nafasi. Lakini diski moja inapobadilishwa, zilizobaki husomwa zote tangu mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, na kama mojawapo imechoka, huenda ikafa katika saa hizo hizo, na kumbukumbu zote zikapotea. Kwa kompyuta pepe zinazoandika mara kwa mara, RAID 10 hufaa zaidi. Diski moja ya akiba iwekwe kabatini ofisini, kwa kuwa kuiagiza Dar es Salaam huchukua siku.

Mtambo pia huruhusu kuahidi nafasi isiyokuwapo. Kompyuta pepe tano zikiahidiwa terabaiti 2 kila moja, jumla ni terabaiti 10, ilhali zilizopo ni 8. Mwanzoni hakuna tatizo, kwa kuwa hakuna anayetumia fungu lake lote. Ghala likijaa, kompyuta pepe husimama ghafla, na nyingine huharibika. Kama ahadi hizo zimetolewa, onyo liwekwe nafasi inapofika asilimia 80, na onyo hilo lifike kwa mtu mwenye jina na wajibu.

7. NJIA YA WAYA NA UMEME

Mazungumzo kati ya seva na diski yapewe njia yake peke yake: swichi yake, nyaya zake na anwani zisizobadilika. Njia ya kasi ya gigabiti moja kwa sekunde hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde zisizozidi. Ikichanganywa na kompyuta za makarani na simu za wageni, leja itasubiri foleni. Waya usipitishwe kati ya majengo mawili bila kinga, kwani katika nyanda hizi radi za masika huingia kwa waya. Waya wa nyuzi za kioo, usiopitisha umeme, ndio ufaao kati ya majengo.

Njia ya umeme ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa katika miaka ya 2010, iliiunganisha Songea na gridi ya Taifa. Hata hivyo umeme hukatika, na chama hakina budi kuwa na betri ya dharura inayoweza kuiamuru mitambo ijizime kwa utaratibu. Hapa mpangilio ni muhimu. Wakati wa kuzima, kompyuta pepe zizimwe kwanza, kisha seva, na mtambo wa diski uwe wa mwisho. Wakati wa kuwasha, mtambo wa diski uwe wa kwanza, kwa kuwa karani hawezi kuanza kazi kabla ghala halijafunguliwa. Utaratibu huu uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

8. KANUNI YA TATU: NAKALA IKAE MBALI

Wengi huchanganya mambo matatu. RAID hulinda dhidi ya kifo cha diski, lakini karani akifuta akaunti kwa bahati mbaya, RAID huifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa. Picha ya hali, ambayo mtambo huitunza ndani yake, husaidia kurudi nyuma kwa saa au siku, lakini moto ukiunguza mtambo, nayo huungua. Nakala ya akiba ni ile tu ambayo imo katika chombo kingine, mahali pengine.

Kwa chama chenye ofisi Njombe, Makambako ni mahali panapofaa. Umbali ni kama kilomita 60 kwa barabara, na moto au wizi wa ofisi moja haufiki nyingine. Tatizo ni njia ya mtandao. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 huhitaji sekunde 80,000, yaani saa 22 na zaidi. Dawa yake ni hii: nakala ya kwanza yote iwekwe katika diski iliyofungwa kwa neno la siri na isafirishwe na ofisa kwa mkono hadi Makambako. Baada ya hapo yapelekwe mabadiliko tu kila usiku. Mabadiliko ya gigabaiti 2 huhitaji sekunde 1,600, yaani dakika kama 27. Hayo yanawezekana.

Aidha, nakala moja kila juma itenganishwe kabisa na mtandao na kufungiwa sandukuni. Zipo programu za wahalifu ambazo hufunga kumbukumbu zote zinazofikika na kudai fedha. Diski iliyomo sandukuni haifikiki.

Nakala ambayo haijajaribiwa bado ni tumaini tu. Kila miezi mitatu leja ifufuliwe Makambako kutoka katika nakala, mbele ya mjumbe wa Bodi, na urari wake ulinganishwe na urari uliochapishwa Njombe siku ya nakala hiyo. Ukilingana, mjumbe atie sahihi. Usipolingana, sababu itafutwe kabla ya mvua.

9. WAJIBU WA KATIBU NA WA BODI

Daftari la wanachama lina majina, simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa hizo azilinde. Kwa hiyo maneno ya siri ya mtambo yasiwe mali ya fundi peke yake. Yaandikwe, yatiwe bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kuwekwa kwenye kasha la chama. Fundi anapoondoka, yabadilishwe.

Mwisho, karatasi isidharauliwe. Stakabadhi apewe kila mwanachama, na urari uchapishwe na kutiwa sahihi kila mwisho wa mwezi. Katika mfano wetu, kipande cha stakabadhi ndicho kilichosimama upande wa mwanachama baada ya mitambo yote kushindwa. Chama kilichopanga diski zake vizuri hakitamlazimisha mjane kuitafuta karatasi hiyo chini ya godoro. Kitakuwa na kumbukumbu ya malipo yake Njombe, na nyingine Makambako.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Je, diski za chama chenu zimeunganishwa na seva ngapi, na nani amehakikisha kwamba hakuna wapangaji wawili katika chumba kimoja?

2. Mtambo wenu hutoa stakabadhi kabla ya mizani au baada yake? Jibu la fundi lipo kwa maandishi?

3. Nakala ya mwisho ni ya tarehe ipi, na imo mahali gani?

4. Ni lini leja ilifufuliwa mara ya mwisho kutoka katika nakala, na nani alishuhudia?

5. Fundi wenu akihama leo, nani mwingine anaweza kuufungua mtambo?

Chama kisichoweza kujibu swali la tatu na la nne kiyaweke katika ajenda ya kikao kinachofuata cha Bodi.